Filimu ya Nne ya Muzima-Jua

Nakutegea wewe unayesoma, na usikimbilie jibu. Mama mmoja alizaa watoto wanne. Yule aliyezaliwa wa mwisho njo mkubwa wao wote. Siku alipozaliwa, wadogo zake walikuwa wamekwisha kutembea dunia nzima, na yule wa tatu alikuwa amekwisha kumzika. Mtoto huyo ni nani?

Umeshindwa? Basi nipe muji. Nipe Luena, kule nilikozaliwa, makaa ya mawe yangali katika kucha zangu mpaka leo. Jibu lenyewe ni filimu. Ni kaseti moja nyeusi iliyofika kwetu Kamina katika mwaka wa 1999, wakati wa vita. Siku nilipotajiwa habari yake nilicheka, na siku nilipoiona nilitoka nikishika ukuta.

Nyuma ya nyumba yangu aliishi Kalenga. Zamani alikuwa fundi wa treni, lakini miaka ile treni zilikuwa zimebaki chache kama meno yangu, basi akanunua televizyo na grupu, mashine ya kutoa umeme, akapanga mabenchi ndani ya sebule yake, akawa mtu wa video. Filimu zake zilisema Kiingereza au Kichina. Hatukusumbuka. Mwanangu Nahum alisoma kwa wamisionari wa Metodisti, Kiingereza alikijua, na Kichina alikijua kwa kukibuni. Alisimama pembeni ya televizyo na mikro mkononi, akageuza kila neno kuwa Swahili. Hivyo njo tulivyotazama filimu kwetu: picha zinatoka ng'ambo, sauti inatoka kwa mtoto wa jirani. Malkia wote aliwapa sauti ya Hulda, yule anayeuza maharagi penye kona yetu. Hulda alikasirika, lakini hakukosa hata mara moja kwenda kujisikiliza.

Mimi sikuwahi kuingia. Mama wa kanisa, mwenye kuvaa blauzi nyeupe kila jumapili, hakai juu ya benchi ya Kalenga. Lakini ukuta wetu ulikuwa wa matofali mabichi. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, upande huu, na upande ule Nahum alisema. Kwa hiyo filimu tatu za Muzima-Jua nilizijua zote kwa masikio, nami sikuwa nimeona hata picha moja.

Muzima-Jua alikuwa mtu mrefu asiye na uso, mwenye kwenda kati ya nyota na kuyazima majua, moja kwa moja, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa. Watu walikimbia kutoka jua hili kwenda jua lile ndani ya merikebu kubwa sana, na yeye nyuma yao. Katika filimu ya tatu walimshika, akaanguka ndani ya jua la mwisho, akaungua. Siku ile watoto wa avenue yetu walicheza mpaka mangaribi. Nami niliweka muchi wangu chini nikasema, asante Mungu, yameisha.

Sasa, Hulda alipokuja penye lupango, ua wa nyumba yangu, siku ile, alikuwa na kicheko tayari mdomoni.

"Mama Nahum, umesikia? Bameleta Muzima-Jua ya ine."

"Ya ine? Si alishaunguka mu ya tatu?"

"Aliunguka, eyo. Sasa banaonyesha vile alikuwa kijana. Mbele ya bintu yote."

"Kijana! Basi mu ya tano atakuwa mu tumbo ya mama yake."

Tulicheka mpaka Hulda akashika mti. Hata Kalenga, mwenye video yake, hakuwa na tumaini. Alisema watu wa filimu wamekosa la kusema, wanarudi nyuma kufagia makombo. Askari mmoja wa Zimbabwe kutoka Base, kambi ya askari, njo aliyempa Nahum kaseti ile, na Kalenga alikubali kuionyesha kwa sababu moja tu: ilikuwa jumamosi ya mwisho ya Nahum.

Kwa maana Nahum alikuwa anakwenda. Pale Base kulikuwa askari wetu na askari wageni, na hawakusikilizana. Walimhitaji kijana wa kugeuza maneno. Walimwandika, na jumatatu angepanda kamio, lori lao, pamoja nao kwenda upande wa Malemba-Nkulu, kule vita iliposimama. Waliokwenda mbele yake, wengine tuliletewa habari zao, wengine hatukuletewa kitu.

Nami nilikuwa na swali moja kwake. Lilikuwa na umri wa miaka sita. Niliogopa atakwenda nalo.

Lazima nikuambie lilitoka wapi.

Mwaka wa 1993, watu waliotoka Kasai walifukuzwa katika miji yetu. Sitaeleza siasa, sikuisoma. Najua tu kwamba jirani yangu wa upande wa kuume alikuwa Nkashama, karani, na mke wake Mwadi aliimba sauti ya pili kanisani, mimi ya kwanza, kitabu kimoja cha nyimbo kati yetu wawili. Walikuwa na mtoto mmoja, Biuma, wa miaka miwili. Alipenda kulala juu ya mguu wangu.

Juma lile habari ilipita katika avenue yetu: kila nyumba ya mwenyeji itundike tawi la majani mabichi juu ya mlango, vijana wakipita wataiacha. Nyumba isiyo na tawi ni ya Mukasai. Nilikata matawi mawili ya mti wangu wa avoka. Moja nikatundika kwetu. La pili nikampa Nahum, alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Peleka kwa Mwadi. Tundika juu kabisa, baone mbali."

Akaenda. Mangaribi Mwadi alinishukuru juu ya lupango, kwa luga yake: "Twasakidila, mamu!" Nikaona tawi kwa macho yangu, majani yake yanaangalia barabara. Nikalala.

Kabla ya mapambazuko vijana walipita. Nyumba yetu waliiacha. Ya Nkashama waliivunja mlango, wakatoa hata mabati. Nilipotoka mbio, tawi halikuwa juu ya mlango. Halikuwa chini vilevile. Niliangalia.

Kina Nkashama walikaa gare, stesheni ya treni, majuma matano, wao na mamia ya wengine, chini ya mashuka, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai ambayo wengi wao hawakuijua, walizaliwa kwetu. Kila siku nilipeleka bukari, ugali wetu. Juma la tatu surua iliingia. Biuma tulimzika nyuma ya bohari ya gare, mimi na Mwadi tukaimba, sauti ya kwanza na ya pili.

Siku treni ilipofika, Mwadi alishika mkono wangu penye mlango wa wagon.

"Mama Nahum, ile tawi tuliiona mangaribi. Asubuhi haikukuwa. Nani aliitosha?"

"Nitauliza nani aliitoa," nikasema.

Niliuliza. Mara ya kwanza Nahum alisema, "Mama, sijue." Mara ya pili aliinuka akaacha sahani. Mara ya tatu alisema, "Utaniuliza mpaka siku gani?" Mwaka wa 1995 pasta mmoja aliniletea barua kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Mwadi aliandika kwamba wako hai, Nkashama anafundisha, na chini kabisa aliandika neno moja: "Uliuliza?" Barua ile sikuijibu. Ningemwandikia nini? Niliiweka katika kitabu cha nyimbo, na kila jumapili nilipofungua kitabu, nilifungua na barua.

Unaona vile ilivyokuwa. Mtoto wangu alisemea wafalme na malkia na watu wa nyota, mji mzima ulimsikiliza. Juu ya jambo lile moja hakuwa na sauti. Nami nilimpikia, nilimfulia, nilimpenda, na sikujua ninampikia nani.

Basi ijumaa ile alikuja jikoni.

"Mama, kesho njo siku yangu ya mwisho kwa Kalenga. Kuya kuniangalia."

"Minyi? Ku benchi ya Kalenga? Na pasta akiniona?"

"Pasta njo wa kwanza kulomba kiti ya mbele."

Nilikwenda. Sikuenda kwa ajili ya filimu. Nilihesabu tu kwamba jumamosi, jumapili na jumatatu asubuhi ni mlango mdogo, na nilitaka kuwa karibu naye kabla haujafungwa.

Ilikuwa saa nane ya mchana. Kalenga alikuwa ameziba madirisha kwa mablanketi ili jua lisiharibu picha. Ndani mlikuwa joto, na harufu ya mazutu, mafuta ya grupu. Televizyo yenyewe haikupita kikapu cha muhogo. Nilikuwa nimeiwaza kubwa kama altari. Nilikaa karibu na mlango na Hulda. Nahum alipanda juu ya kasha la mbao, akapuliza mikro.

"Mabibi na mabwana, leo tutamuona Muzima-Jua mbele hajachafuka na bulongo!"

Watu wakacheka. Na mwanzo ulikuwa wa kucheka kweli. Ukaona kijana mwembamba, masikio yametoka nje, anafagia.

"Angalia bwana mukubwa anafagia!" Kalenga akapiga kelele.

"Fagia na kule ku kona!" mwingine akasema.

"Rudisha ya pili! Tunataka vita!"

Nahum alimpa kijana yule sauti nyembamba, ya mbu, na watu walijipiga mapaja. Vita haikuja. Kijana alikuwa mlinzi wa taa katika merikebu ile kubwa. Kila njia ndani yake ilikuwa na taa moja na mkono wa chuma. Ukishusha mkono, taa inazimika, mlango unafungwa, na pumzi, hewa ya watu, haipiti tena. Kazi yake ilikuwa kupita mchana kutwa akipangusa taa, aangalie hakuna inayozimika. Ni yote. Nikajisema, huyu mtu alizima majua, na wao wanatuonyesha anapangusa taa, tumedanganywa kweli.

Halafu ikaanza kubadilika, na siwezi kukuambia ni wapi. Chini kabisa ya merikebu waliishi watu waliookotwa penye nyota iliyoungua. Kulikuwa mama mzee kati yao, mwenye kukaanga mbegu fulani. Kila kijana alipopita, mama yule alimtilia mbegu mkononi, naye alikula akienda, akipangusa. Hakuna zaidi. Lakini walituonyesha mara tatu, na mara ya tatu niliona hakuna anayecheka. Hulda alikuwa ameacha kutafuna karanga. Sauti ya Nahum ilikuwa imeshuka, haikuwa nyembamba tena. Ilikuwa sauti yake ya nyumbani.

"Mama anasema," alituambia, "weye mutoto, ukizeeka mu hii kazi, mikono yako itakuwa inangaa peke yake."

Nilisahau benchi. Nilisahau pasta, aliyekuwa mbele yangu na kofia magotini. Mtu niliyemchukia miaka yote kupitia ukuta alikuwa na mikono, na mikono yenyewe ilikuwa laini.

Kisha ikatangazwa kwamba pumzi ya merikebu imepungua. Wakubwa walikaa, wakasema, wakaondoka. Kijana alipofika penye taa ya wale watu wa chini, akakuta vijana wengine wanne, wafanyakazi kama yeye, wameegemea ukuta. Mmoja akamwambia kitu. Wote wakacheka.

Nahum hakugeuza.

Tulingoja. Kwenye televizyo Kiingereza kilisema, midomo ilikwenda, na kasha la mbao lilikuwa kimya.

"Nahum!" Kalenga akaita. "Banasema nini?"

Yule mmoja akasema tena. Wakacheka tena. Na kijana, tukamuona wote, akacheka pamoja nao. Akiwa bado anacheka akaweka mkono wake juu ya mkono wa chuma.

"Nahum, mikro imekufa?"

Haikukufa. Nilisikia pumzi ya Nahum ndani yake, ikitoka katika boksi la sauti, kubwa, kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Taa ikazimika.

Hawakutuonyesha waliokufa. Hilo njo lililonishinda. Nilitazamia kilio, mikono ikipiga mlango. Hapana. Walituonyesha kijana anatembea kurudi kwao, polepole, njia zote zile alizozipangusa. Akafika. Mama yake alikuwako, mwanamke mnene kidogo, kitambaa kichwani. Alimpa chakula. Kijana alinawa, akaketi, akala. Alikula vizuri. Alipangusa sahani kwa kidole mpaka ikang'aa, na mama yake akamuangalia kwa furaha, akifurahi kwamba mtoto ana njaa ya afya.

Nami nikakumbuka uji. Asubuhi ile ya 1993, kelele zingali zinasikika barabarani, Nahum aliketi jikoni kwangu akala uji, akaniletea bakuli akasema, "Ongeza, mama." Niliongeza. Niliongeza na sukari. Miaka sita nilimuuliza juu ya tawi, na hata siku moja sikukumbuka uji ule, mpaka mwanamke wa ng'ambo, ambaye sikujua hata jina lake, alipochota chakula mara ya pili kwa mtoto wake.

Filimu iliisha kijana angali na uso wake. Yule mtu asiye na uso hawakumwonyesha. Kalenga alizima televizyo mwenyewe, na watu wakainuka bila makelele. Pasta alitoka kofia mkononi, hakumsalimia mtu. Penye mlango Hulda alinishika bega.

"Minyi nilijua itakuwa ya bure," akasema.

"Na ilikuwa?"

"Niache kwanza, Mama Nahum. Niache nifike kwangu."

Kalenga alikwenda nje kuzima grupu. Tulibaki wawili. Nahum alikunja waya ya mikro juu ya kiwiko chake, akaikunjua, akaikunja tena. Nikaanza kutoa mablanketi penye madirisha, kwa kuwa mikono yangu ilitaka kazi. Jua likaingia. Sikuwa na nguvu ya kuuliza swali lile mara ya nne. Nakuapia, nilikuwa nimeliacha. Nilijisema, akienda nalo, aende; nitamwandikia Mwadi kwamba mimi njo niliyeshindwa.

Nilimuuliza la filimu tu.

"Mutoto wangu, pale ulinyamaza. Bale bane balimuambia nini?"

Alikuja akashika ncha ya pili ya blanketi, tukalikunja pamoja, kama tulivyokunja mashuka alipokuwa mdogo, yeye anakuja kwangu, anarudi, anakuja. Lilipokuwa limebaki dogo kati yetu, mikono yetu ilikutana, na hakuitoa.

"Habakumutisha, mama," akasema. "Bantu bote banazania balimutisha. Balimuuliza tu, 'Weye iko wa kwetu, ao iko wa kule chini?' Na bakacheka. Njo yote."

"Njo yote?"

"Njo yote." Alikuwa anaangalia blanketi. "Ile tawi njo minyi niliitosha. Niliitundika mangaribi, sawa ulinituma, juu kabisa. Busiku nilikuwa narudia ku nyumba, nikakuta vijana ba avenue pa kona, bane. Mumoja akaniuliza, 'Nahum, weye iko mutoto wa kwetu, ao iko boyi ya Bakasai?' Bakacheka. Nikacheka na minyi. Nikarudia, nikaitosha, banaangalia, nikaivunjavunja nikaitupa mu kisima ya Nkashama. Habakukuwa na fimbo, mama. Habakukuwa na kisu. Habakunigusa hata na kidole."